Skrubu kwenye chuma cha fundi viatu
Umeuliza kama kile chuma chenye skrubu anachotumia fundi viatu ni kisu cha kukatia soli. Hapana, si kisu, hakikati kitu. Ni pasi ya kung'arishia ukingo wa soli ya ngozi: unaipasha moto, unapaka nta ukingoni, kisha unasugua kwa nguvu mpaka nyuzi za ngozi zishikamane na kung'aa. Skrubu inasogeza mdomo mmoja wa pasi ili nafasi kati ya midomo yake ilingane na unene wa soli. Pasi za kawaida, zisizo na skrubu, zina kipimo kimoja kimoja, ndiyo maana fundi hulazimika kuwa na rundo zima. Kukata na kupiga msasa vinatangulia. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha ngozi, ikizidi moto inaunguza. Soli ya sponji usiiguse kabisa, itayeyuka (usiniulize nimejuaje).