Mkate wako wa Eldoret

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Kisauni hatujambo, joto tu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mkate unatoka mgumu kama tofali, na unauliza nilikuficha nini, maana vipimo umefuata vilevile nilivyokuandikia: unga nusu kilo, maji mililita 300, hamira vijiko viwili vya chai, chumvi kijiko kimoja na nusu, ukauacha uumuke saa moja.

Sikukuficha kitu. Ile saa moja ni ya Mombasa. Wakati wa kaskazi joto la jikoni kwangu hupita nyuzi 30, na hamira ni kitu hai, ikipata joto hilo hufanya kazi kwa pupa. Nikilifunika donge nikaenda kuswali adhuhuri, nikirudi limeshagusa kifuniko. Wewe uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na jioni unavaa sweta. Donge lako baada ya saa moja ndiyo kwanza linaanza, nawe unalitia motoni.

Basi saa iweke kando, utazame donge lenyewe. Lingoje liwe mara mbili ya lilivyokuwa, hata ikichukua saa tatu. Kisha paka kidole unga, ulibonyeze. Shimo likijaa mara moja, bado. Likirudi polepole na kubakisha alama, oka. Lisiporudi kabisa limepitiliza, na usishangae likibonyea katikati ndani ya oveni. Huko kupitiliza ndiko kunakotusumbua sisi wa pwani. Mwezi wa pili donge huchachuka hata oveni haijapata moto, ndiyo maana mimi hukandia maji ya friji na hamira huipunguza. Wewe tumia maji vuguvugu, ya kutia kidole bila kushtuka. Yakifika nyuzi 60 hamira hufa, na hapo utangoja mpaka kesho bure.

Lakini usiongeze hamira kwa hasira. Huko juu hewa haikandamizi sana kama huku, kwa hiyo donge likishashika kasi hupanda upesi. Siku utakayoliweka karibu na jiko, lichunge.

Maji nayo. Unga wa huku hunywa unyevu wa hewa. Wa kwenu ni mkavu zaidi, na mililita 300 huenda zisitoshe. Ongeza kijiko kijiko huku ukikanda, mpaka donge liwe laini na linate kidogo mkononi. Wengi wakiona linanata hukimbilia kuongeza unga, na mkate mgumu huanzia hapo. Kanda dakika 10 hivi, kisha vuta kipande kidogo: kikiwa chembamba hata mwanga ukapita bila kukatika, inatosha. Na soma pakiti. Unga wa keki una gluteni kidogo, yaani kile kinacholifanya donge livutike, hauwezi kuishika hewa ya mkate.

Nilipoanza mimi hatukuwa na oveni. Nilioka kwa sufuria, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, vile tunavyopalia mkate wa kumimina. Kila mara nilibadilisha kitu kimoja tu, nikaandika nyuma ya kalenda ya ukutani, ile wanayogawa madukani. Leo maji, safari nyingine hamira. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mkate ukakubali, hutajua umshukuru nani. Siku moja nilitia tui la nazi badala ya maji. Ulikuwa mtamu, ila kwa mchuzi haukufaa.

Oveni yako ifike nyuzi 200 na zaidi kidogo kabla hujatia kitu. Baada ya nusu saa ugeuze mkate, ugonge chini. Ukilia kama kitu kilicho kitupu, umeiva. Uache upoe ndipo uukate, kwani ndani bado mvuke unafanya kazi. (Babako hajawahi kungoja. Huukata ungali moto na kupaka siagi, nami nimeshamwachia.)

Ukioka tena usinitumie picha ya juu peke yake. Ukate, upige picha ya ndani. Nikiona umeshikana chini na matundu makubwa yako juu, nitajua hukungoja. Na uandike ulipoumulia: mezani, kabatini au kando ya jiko.

Mamako