Milioni 15, familia na barabara za Mwanza: X-Trail, Rav4 Kilitime au Harrier?

Mkuu, nimekusoma. Una milioni 15, unakaa Kiseke, watoto watatu, kila mwezi unakwenda Kwimba kusalimia wazee, na umekwama kati ya X-Trail, Rav4 Kilitime (ile ya kizazi cha pili) na Harrier tako la nyani (nayo ya kizazi cha pili). Waliotangulia kukujibu kila mmoja kakuchagulia gari anayoipenda yeye. Mimi nimeendesha X-Trail kwa muda mrefu, sasa nina Escudo, na ndugu zangu wakitaka kununua gari hapa Mwanza hunikokota nikawaangalizie. Kwa hiyo nitakayosema ni ya mtaani kwetu.

Kabla ya yote toa milioni tatu uziweke pembeni, na usimwambie mtu. Hesabu kwamba bajeti yako ya gari ni milioni 12. Dalali akisikia 15 atakutafutia ya 15, halafu wiki ya pili unahitaji tairi nne, shokapu za mbele, bushi, betri na oili zote, na hapo ndipo watu wanapoanza kuuza gari walilolinunua juzi. Gari ya mkononi hata iwe safi namna gani itakudai. Bora ikudai ukiwa nayo.

Kuagiza mwenyewe Japani kwa hela hii sahau. Hizo zote ulizotaja zimeshavuka miaka kumi, na TRA gari ikivuka miaka kumi tangu itengenezwe inapigwa uchakavu asilimia 30. Juu yake kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, ambao ni asilimia 5 ikizidi cc 1000 mpaka cc 2000 na asilimia 10 ikizidi hapo, kisha VAT asilimia 18. Fungua kikokotoo chao mtandaoni uingize X-Trail ya 2006 uone kichwa kinavyouma. Hapo hujamlipa wakala, hujalipa bandari, hujamlipa dereva wa kuipandisha kutoka Dar zaidi ya kilometa 1,100.

Sasa fo wili. Umeandika "lazima iwe fo wili kwa sababu ya milima na matope". Milima ya Mwanza inataka gari iliyonyanyuka chini na injini yenye pumzi, basi. Kuna watu wanapanda na IST kwenye vichochoro vya mawe vya Mabatini kila siku ya Mungu. Anayekutisha na safari za ng'ambo ya ziwa naye mwambie daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, unateleza na lami mpaka Geita. Kwa Kwimba nakuelewa kidogo. Ukishaacha lami ukaingia vijijini kipindi cha mvua, ule udongo mweusi wa mbuga hauna adabu. Lakini hata hapo kinachokutoa kwanza ni tairi. Nimeona fo wili zenye tairi vipara zimelala mtaroni na gari ya kawaida yenye tairi mpya ikapita pembeni. Tope linajaza mistari ya tairi mpaka inakuwa laini kama chupa, na hapo magurudumu manne yote yanateleza kwa pamoja. Ukipata fo wili nzima, chukua. Usiache gari nzima ya tu wili kwa ajili ya fo wili mbovu.

Haya, gari zenyewe.

Rav4 Kilitime ndiyo inayouzika haraka, na spea zake hazikupi shida, kuanzia duka la mtaani mpaka mtumba. Ila ukifunua boneti soma kile kifuniko cha plastiki cha juu ya injini. Nyingi za cc 2000 zilizotoka Japani zimeandikwa D-4, yaani injini ya 1AZ-FSE, inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Ikiwa nzima ni nzuri na haili sana mafuta. Pampu yake ya presha ikianza kuchoka, au nozeli zikiziba kwa mafuta machafu, utazunguka gereji mpaka uchoke. Ipo nyingine ya cc 1800, injini ya 1ZZ-FE, tu wili, mafundi wote wanaijua hata usingizini. Hiyo uvivu wake kwenye mlima unavumilika, ila zile za mwanzo mwanzo zina ugonjwa wa kula oili. Kwa mtu wa mjini mimi ningeitafuta hii kabla ya D-4, ingawa najua hapa jukwaani nitatukanwa.

X-Trail ya zamani, ile T30 yenye mita katikati ya dashibodi, inaonewa. Kwa sababu watu wanaiogopa bei yake imelala, na kwa hela hiyo unapata nafasi ambayo Rav4 haina. Watoto watatu nyuma wanakaa bila kugombana, buti inameza gunia. Gia boksi yake ni ya gia nne za kawaida, siyo CVT (gia boksi ya mkanda isiyo na hatua za gia). Ugonjwa unaoijulisha ni sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini: gari inapata moto, inazima katikati ya safari, ikipoa inawaka kama haikufanya kitu. Dawa ni sensa ya kweli, siyo zile za bei ya soda. Ya kuogopa hasa ni inayokula oili, kwa sababu hiyo mwisho wake ni ovaholi au kutafuta injini nyingine. Ukitazama T31 iliyokuja 2007, hiyo ina CVT, inataka oili yake maalumu, na ikichemka mlimani inajibana yenyewe, unakanyaga mafuta haiendi. Bila kumbukumbu za sevisi za kueleweka, kwa bajeti yako iache ilipo.

Harrier tako la nyani. Najua mke kaipenda. Nani hajaipenda? Lakini kwa milioni 12 utaletewa iliyochoka, na kinachochosha kwenye Harrier kinauma kuliko kwenye Kilitime. Ukilazimisha, tafuta 240G, ya cc 2400. Kwenye 300G unabeba injini ya V6 inayonyonya mafuta, na mafuta ya Mwanza unajua yako juu kuliko ya Dar kila EWURA wanapotangaza bei. Ikiwa imeandikwa AIRS ujue ina shokapu za upepo, zikifa hutazipenda. Hata hiyo 240G ina jambo lake: bolti za silinda hedi hung'oa nyuzi kwenye bloku, maji yanaanza kuvuja nyuma ya injini upande wa kabini, mahali ambapo macho hayafiki kirahisi. Ingiza tochi. Ukiona alama nyeupe au nyekundu za kulenti (maji ya rejeta) iliyokaukia pale, aga kwa heshima uondoke.

Hukuitaja Honda CR-V ya 2002 mpaka 2006, na hiyo ndiyo ningekupeleka kuiangalia kwanza. Injini yake ya K20A ina cheni, ni ngumu, haina maneno. Watanzania hawaishabikii, kwa hiyo mwenye nayo anauza kwa kubembeleza. Nenda nayo uwanja mtupu, kata usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu. Ikinguruma nyuma usikimbie, mara nyingi difu inadai oili yake, ambayo lazima iwe ile ya Honda. Washa na eesii (kiyoyozi) uisikilize. Kompresa za hizi zikifa humwaga vumbi la chuma kwenye mfumo mzima, na hilo ni la kupunguzia bei kweli kweli.

Escudo ya 2005 kuendelea ndiyo ninayoendesha. Ina fo wili ya muda wote na gia nzito ya kujitolea kwenye tope, na hiyo gia nzito hizo nilizokwisha kuzitaja hazina. Inakunywa mafuta. Na spea zake nyingi ni za kupiga simu Dar, jioni inapakiwa kwenye basi, kesho yake unaifuata stendi, Nyegezi au Nyamhongolo. Mimi nimeshazoea. Wewe unayetaka gari ya kumpelekea mama watoto kazini kila asubuhi sijui kama utavumilia.

Forester ni tamu barabarani, lakini kumbuka mkanda wa taimingi kwenye zile za injini ya EJ20 na kwamba tairi zote nne zinatakiwa zifanane na kuchakaa kwa pamoja, la sivyo unaua mfumo wa fo wili. Mtu wa kununua tairi mojamoja hii si yake.

Namna ya kuikagua. Mwambie mwenye gari unakuja asubuhi na asiiwashe. Ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, ulizia kwa nini. Injini ikiwa baridi fungua kifuniko cha oili uangalie upande wa chini, fungua na rejeta. Simama nyuma mtu mwingine aiwashe. Moshi wa bluu pale mwanzoni ndio oili inayoungua, na dalali atakwambia ni baridi ya asubuhi. Baridi gani ya Mwanza hiyo?

Kisha ipandishe mlima wa Bugando. Tambarare ya Makongoro haikwambii chochote. Kule juu gia boksi iliyochoka inasema yenyewe: inachelewa kubadilisha, injini inalia gari haiendi, au inapiga teke ikiingia gia. Simama katikati ya mlima, toka tena. Weka rivasi ukiwa kwenye mwinuko. Ukishuka sikiliza breki na usukani. Baada ya hapo iache ingurume ikiwa imesimama (silensa) muda wa kutosha eesii ikiwa imewashwa, jicho kwenye mshale wa joto.

Halafu inua zulia la buti, hasa huku kwetu ziwani. Niliwahi kuitwa Igombe kuangalia Forester, rangi inang'aa, ndani kumetundikwa manukato matatu ya gari kana kwamba tunaingia saluni. Nikainua zulia, nikatoa tairi la akiba. Chini yake maji ya barafu ya samaki yalikuwa yameshakula bati mpaka kuna vitundu vya kupitisha kidole, na magamba ya sato yamekaukia kwenye povu la pembeni. Ile nati ya kubana tairi ikabaki mkononi mwangu. Nyumbani kwa mtu sato ni neema, ila siyo chini ya zulia la gari unayoinunua. Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo gari ya Mwanza kwa kawaida hailiwi na kutu kama iliyokaa pwani karibu na bahari. Ukikuta kutu hapa jiulize ilibeba nini, au imetoka wapi. Hata zile zilizotoka mikoa ya theluji Japani huja na kutu chini, kwa chumvi wanayomwaga barabarani.

Vuta pia mikanda ya viti mpaka mwisho wake. Ukiona mstari wa matope kule ndani, gari hiyo ilishawahi kuogelea. Mto Mirongo ukifura unajua unavyofanya.

Mlipe fundi wako uende naye, mwenye mashine ya kusomea makosa ya injini. Fundi anayeletwa na muuzaji ni ndugu wa muuzaji siku hiyo.

Makaratasi hayana mengi. Namba ya chesisi kwenye gari ifanane na ya kwenye kadi, jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia au muuzaji aje na mwenye jina, angalia madeni ya faini za trafiki na bima. Ukiambiwa "kadi iko kwa mwanasheria, utaipata Jumatatu", fahamu kwamba huenda imewekwa rehani kwa mkopo. Hela isitoke kabla hujaishika kadi halisi, na mkataba uandikwe mbele ya wakili. Kubadilisha jina TRA fanya mapema, usiache kwa miezi kama wengi wanavyofanya.

Ukishapata mbili tatu za kwenda kuangalia, piga picha kile kibati cha chesisi uweke hapa. Ukikuta ACA21 hiyo ni Kilitime fo wili ya cc 2000, ZCA26 ni ile ya 1800 tu wili. NT30 ni X-Trail fo wili, ikiwa T30 peke yake ni tu wili. CR-V fo wili ya cc 2000 ni RD5. Harrier ACU35 ni fo wili, na ACU30 ni tu wili, hata dalali aape kwa mama yake. Weka na kilometa zinazosoma na bei waliyokutajia, tuone kama inafaa kupandishwa Bugando.