Nimeandika "dereva Dodoma", websaiti inasema hakuna kazi

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Mi ni kijana wa Morogoro, nimemaliza diploma na ajira bado sijapata, kwa sasa naendesha magrupu ya WhatsApp ya kuposti nafasi za kazi, nazitoa magazetini, kwenye Ajira Portal na kwenye mbao za matangazo za halmashauri. Shida ni kwamba kwenye grupu tangazo la jana leo lishazama, watu kutwa wananiuliza ile ya udereva iko wapi. Nikaona bora nitengeneze websaiti yenye databezi, mtu atafute mwenyewe. Nimeweka XAMPP (programu ya kuendeshea websaiti na databezi kwenye kompyuta yako mwenyewe) kwenye laptop nikafuata video ya YouTube, mwanzo iligoma ikaniandikia "Call to undefined function mysql_connect()", jamaa yangu akanirekebishia, sasa inafunguka. Ila kwenye kutafuta, nikiandika "dereva" zinakuja, nikiandika "Dodoma" zinakuja, nikiandika "dereva Dodoma" inasema hakuna, na najua ipo maana nimeiingiza mwenyewe. Afu kazi zilizopita muda bado zinaonekana. Nina jedwali moja lenye kolamu tatu: kichwa, maelezo na tarehe. Nakwama wapi?
— Msomaji, Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hiyo video achana nayo. Fankisheni za mysql_connect na wenzake ziliondolewa kabisa PHP 7 ilipotoka (PHP ndo lugha ya kuandikia websaiti yako), Desemba 2015, kwaiyo anayekufundishia nazo anakufundisha vitu vya zamani sana, na kama somo lake limechakaa hapo basi na mengine ndani yake yamechakaa. Tafuta somo linalotumia PDO, njia ya sasa ya PHP kuongea na databezi, tutaona kwa nini hapo chini.

Sasa twende kwenye dereva wako. Nina hakika ndani ya programu yako kuna kipande kama hiki: WHERE maelezo LIKE '%dereva Dodoma%'. Unajua hapo umeiambia nini databezi? Umeiambia niletee tangazo ambalo neno dereva na neno Dodoma yamekaa bega kwa bega, dereva mbele Dodoma nyuma, nafasi moja katikati. Tangazo lenyewe limeandikwa "Dereva Daraja la II, Halmashauri ya Wilaya ya Kongwa, Dodoma". Hayajagusana, imekujibu hakuna, na kwa ilivyoulizwa haijadanganya. Dawa ya haraka ni kuyakata maneno ya mtafutaji kwenye kila nafasi, afu kila neno linapata LIKE yake na unaziunga kwa AND. Hiyo utaifanya leo jioni na itafanya kazi.

Ila mi sitaki uishie hapo, maana tatizo lako kubwa haliko kwenye kutafuta, liko kwenye zile kolamu tatu. Kaa na simu yako usome watu wanakuuliza nini kwenye magrupu. Wanauliza kazi gani, mkoa gani, mwisho lini, elimu gani. Basi kila swali linalojirudia hapo liwe na kolamu yake, yaani mkoa peke yake, kada peke yake, mwajiri, kiwango cha elimu, tarehe ya mwisho, linki ya tangazo lenyewe. Ukishafanya hivyo mtu hana haja ya kuandika Dodoma, anachagua kwenye orodha.

Na mkoa usimwachie mtu auandike kwa mkono! Leo utaandika Dar, kesho DSM, keshokutwa Dar es Salaam, na kwa databezi hiyo ni mikoa mitatu tofauti. Tengeneza jedwali la mikoa, Tanzania ina 31 ukijumlisha mitano ya Zanzibar, ingiza mara moja basi, afu kwenye jedwali la kazi unaweka namba tu ya mkoa. Kada nazo hivyo hivyo.

Kada ndo naomba uikazanie, na nikuoneshe kwa nini. Jaribu kutafuta kazi za IT kwa LIKE '%IT%' uone kitakachokuja: hospITali, kITengo, KibITi, yote yamo, maana haijali herufi kubwa wala ndogo wala neno linaanzia wapi. Utasikia wajuaji wanakwambia hamia FULLTEXT (utafutaji wa databezi wa neno zima zima), ni kweli ipo na ni nzuri matangazo yakiwa maelfu kwa maelfu, ila kwenye databezi ya MySQL yenye majedwali ya aina ya InnoDB ukiiacha ilivyo inaruka neno lolote lenye herufi chini ya tatu. Kwaiyo IT haionekani tena, na HR nayo imeondoka. Huku unaletewa takataka, kule huletewi kitu. Mtu akichagua kada ya Tehama kwenye orodha hakuna kubahatisha.

Kuna na hili la lugha yetu ambalo kwenye hizo video hawaligusi kwa sababu wanafundisha kwa Kiingereza. Kule neno linabadilika mwishoni, sisi letu linabadilika mbele. Tangazo limeandika "walimu 40", mtafutaji kaandika "mwalimu", hamkutani. Mwingine kaandika nesi wakati tangazo linasema muuguzi na lile la shirika limeandikwa nurse. Hapo tengeneza kajedwali kadogo chenye kolamu mbili, neno na kada: mwalimu, walimu, ualimu, ticha, teacher, yote yanaelekea kada ya ualimu. Mtu akiandika neno unaangalia kwanza humo. Kila ukiona watu wametafuta neno wakaambulia patupu, unaliongeza. Ni kazi ya mkono inachosha kidogo, lakini hiyo ndo itafanya websaiti yako iwe bora kuliko za wenye hela.

Kazi zilizopita muda: nahisi tarehe umeihifadhi kama maandishi, 30/09/2025. Maandishi yanapangwa kuanzia herufi ya kwanza, kwaiyo 05/12/2025 inahesabika iko kabla ya 30/09/2025 sababu 0 iko chini ya 3, Desemba inakuwa imetangulia Septemba. Badilisha kolamu iwe aina ya DATE, yenyewe inataka 2025-09-30, afu kwenye kila utafutaji ongeza tarehe_mwisho >= CURDATE(), yaani zije tu ambazo mwisho wake ni leo au mbele. Usiyafute ya zamani, yafiche tu, kuna watu watataka kujua mwaka jana mwajiri fulani alitangaza lini.

Sasa PDO. Jaribu kutafuta kazi ya Chang'ombe. Kama programu yako inachukua alichoandika mtu na kukibandika moja kwa moja ndani ya SQL (ile sentensi ya kuiuliza databezi), kile kikoma cha juu cha ng' kitaifunga sentensi yako katikati na ukurasa utakufa. Kibaya zaidi ni kwamba tundu hilo hilo ndo mwizi anapitia, badala ya Chang'ombe anaandika amri yake mwenyewe na databezi inaitii. Kwa PDO unatumia prepare na execute, unaweka alama ya kuuliza pale neno litakapokaa, neno linapelekwa kando na haliwezi kugeuka amri. Kila sehemu, hata kwenye fomu ya kuingizia matangazo unayotumia wewe mwenyewe.

Mengine kwa haraka. Fomu ya kutafuta iwe GET isiwe POST, maana kwa GET alichotafuta mtu kinakaa kwenye anwani ya ukurasa, hapo majibu yanakuwa na linki yake na unairusha kwenye grupu, "kazi zote za uuguzi Mbeya hizi hapa". Usipandishe picha ya tangazo ukaridhika, picha haitafutiki, chapa maneno. Weka LIMIT 20 kwa ukurasa, watu wana bando la kuhesabu. Na tangazo linaloomba hela ya fomu au ya usaili usiliweke, hata kama mwenyewe anakulipa.

CV za watu usianze kuzikusanya kwa sasa, waelekeze kwa mwajiri. Ukikusanya unaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na itabidi ujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sio mchezo wa kuanzia.

SWALI: Fundi, mi nina wazo kama hilo hilo ila siwezi programu kabisa na sina muda wa kujifunza. Kuna njia ya mkato?
— Msomaji, Kahama

JIBU: Ipo. Weka WordPress, programu ya kutengenezea websaiti bila kuandika kodi, afu ongeza plagini (kiongezo chake) inaitwa WP Job Manager, ya msingi ni bure, ina kutafuta kwa neno na kwa mahali, na tangazo lina tarehe ya kuisha. Haitajua kwamba mwalimu na walimu ni kitu kimoja, hapo utaandika yote mawili kwenye maelezo ya tangazo na maisha yanaendelea.