Tangi la hewa la lita 50: nahitaji stempu ya ASME ndio niuze?

SWALI: Habari injinia, niko na wakshopu ndogo Kariobangi Light Industries, natengeneza mageti na trela, sasa watu wa kupuliza rangi wananiulizia matangi ya kompresa ya lita 50. Nilipiga hesabu ya ASME (chama cha mainjinia wa Marekani, wenye kitabu cha kanuni za matangi ya presha), kipenyo 300 mm, presha bar 10, pleti ya A36 ile chuma ya kawaida, joint (nguvu ya welding ukilinganisha na pleti nzima) nikaweka 0.7, ikanipa unene wa 1.9 mm so nikanunua ya 2 mm. Mifuniko nimekata bapa, 4 mm. Kuna mmoja ameniambia bila stempu ya ASME siuzi kitu, mwingine anasema chombo kidogo hivyo hakina sheria. Nani mkweli?

JIBU: Salama ndugu yangu. Wote wamekupoteza, kila mtu kwa njia yake. Stempu ya ASME inapewa kampuni ambayo ASME wenyewe wamekuja wakaikagua, unaitafuta mteja akiidai kwa mkataba ama ukitaka kuuza nchi ambayo sheria yao inaitaka. Hapa Kenya tangi lako liko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na hiyo ikishaona tangi limeunganishwa na kompresa haikuulizi ni la lita ngapi. Inataka presha salama iandikwe mahali inaonekana, valvu ya usalama, geji inayosema ukweli, njia ya kumwaga maji chini, nafasi ya kusafisha ndani, na mkaguzi aliyeidhinishwa na DOSHS (idara ya serikali ya usalama kazini) akilipitia. Alafu kwa vile unauza kama bidhaa kuna alama ya KEBS, shirika la viwango, pia, hiyo usiiruke.

Hiyo stori ya chombo kidogo najua imetoka wapi. ASME wanaacha nje vyombo ambavyo kipenyo cha ndani hakizidi inchi 6, watu wakasikia nusu wakaenda nayo. Huo ni mpaka wa kitabu chao, sio wa sheria yetu, na hata hivyo wewe uko karibu inchi 12.

Sasa tuje kwa hesabu, maana hapo ndio nimeshtuka. 1.9 umepata sawa, hata mimi nimeirudia nikapata hiyo hiyo. Lakini kitabu hicho hicho kinasema tangi la hewa la chuma cha kawaida lisishuke chini ya 2.4 mm, na hiyo ni kabla hujaongeza ya kutu, na hewa ya kompresa inaleta maji kila siku so kutu lazima. Weka 1 mm ya kutu, umefika 3.4, nunua pleti ya 4 mm. Ile ya 2 mm peleka kwa mageti.

Halafu 0.7 ni ya joint iliyochomewa pande zote mbili. Ukichoma nje peke yake ile ya urefu, huna 0.7, na kusema kweli kwa joint ya urefu hawakubali kabisa uchome upande mmoja bila kitu cha kushikilia nyuma. Kwa hivyo kunja pleti, choma nje, ingia ndani na grainda usafishe mzizi, choma ndani, ndio ufunge mifuniko. Joint ya kuzunguka ya mwisho unaweza kuichoma kutoka nje, yenyewe inabeba nusu tu ya mzigo wa ile ya urefu.

Na hiyo mifuniko bapa, hapana. Bar 10 kwa duara la 300 mm ni kama tani 7 zinasukuma mfuniko mmoja. Ukitaka bapa kitabu kinakupeleka kati ya 12 na 16 mm kulingana na vile umeichomea, wewe uko na 4. Ya 4 itavimba kama chapati kwa jiko na pale kwa kona welding inaanza kupasuka polepole bila wewe kujua. Tafuta ile iliyobonyezwa kwa mashine, umbo la 2 kwa 1 (imevimba kama bakuli, kina robo ya kipenyo), hesabu yake haipiti hiyo 1.9 so pleti ya 4 inatosha.

Kwa vile hujapita inchi 12 huhitaji tundu la mkono, weka soketi mbili zinazofunguka, zisipungue inchi 3/4. Valvu ya usalama isipite bar 10, na usiweke koki kati yake na tangi, nimeona watu wakiweka eti hewa isipotee wakibadilisha valvu.

Presha ya kupima ni bar 13, kwa maji, hewa yote itoke kwanza kupitia soketi ya juu. Geji ya bar 25 hivi, ya bar 100 haitakuonyesha kitu. Ukipima kwa hewa na welding ikaachia utafute mtu mwingine wa kukujibu maswali.

Makaratasi: drawing, cheti cha pleti kutoka kwa muuzaji, jaribio la welda wako la kukunja vipande, rekodi ya kupima, namba iliyogongwa kwa tangi. Mkaguzi muite kabla hujakata pleti, ukingoja mpaka umepaka rangi atakwambia uikwangue yote ndio aone joint.