Muulize Khalati: Wanaoruka hawasomi, wanaosoma hawaruki

*Assalaam alaykum Khalati. Mimi na binamu yangu tunatengeneza gemu. Mhusika wetu ni kijana wa Mkomani, hapa Lamu, anayepeleka barua za siri kati ya nyumba mbili zilizogombana kwa sababu ya posa. Nusu ya gemu ni mazungumzo: picha ya mtu, maneno chini yake, na mchezaji anachagua ajibu nini. Nusu ya pili ni kuruka paa kwa paa mpaka barua ifike. Tumewapa wenzetu wa barazani wajaribu, na wote wanabonyeza maneno yapite upesi wafike kwenye kuruka. Dada yangu naye alisoma kila neno, akacheka, akasikitika, lakini kwenye pengo la pili akaanguka, akaanguka tena, akaiweka simu chini. Binamu anasema tuigawe, zitoke gemu mbili. Wewe waonaje? Nimekutumia faili uicheze.*
*Kijana wa Shela*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Msiigawe. Mkiigawa mtabaki na gemu mbili ambazo kila moja watu wengine walishaitengeneza zamani, tena vizuri kuwashinda.

Ugomvi wenu ni wa saa. Riwaya za picha, yaani gemu za kusoma na kuchagua majibu kama nusu yenu ya kwanza, ambazo Wajapani ndio waliozikuza, zinamwachia msomaji saa yake: asome polepole, ainuke akaepue sufuria, mhusika atamsubiri na uso ule ule. Gemu za kuruka, tangu Donkey Kong ya 1981 na Super Mario Bros. ya 1985, zimeishika saa zenyewe; ukichelewa umeanguka. Nyinyi mnamnyang'anya mchezaji saa, mnamrudishia, mnamnyang'anya tena, na hamumwambii kwa nini. Basi kila mmoja anachagua nusu anayoipenda.

Nimeicheza faili yako baada ya isha, kidole gumba kikaniuma, na nikashtushwa na jambo ambalo hukuliuliza. Kijana wako anaruka mapaa ya nusu ya Mkomani na hakuna mtu anayesema neno! Mwanangu, wewe ni mtoto wa huku. Unajua nyumba za mawe zilivyojengwa: daka, kile kibaraza cha mlangoni, kisha tekani, ukumbi wa kuingilia, na njia imepindwa makusudi ili mpita njia asione ndani. Kiwanda, yaani ua wa ndani, kiko katikati, wazi juu, na huko ndiko wanawake wa nyumba wanakokaa bila buibui. Nyumba nzima imepangwa kuzuia jicho la mtu wa nje, na huyu wako anapita juu akivichungulia viwanda vya watu kimoja baada ya kingine. Mtoto akipanda paa la jirani hapa mtaani, habari zinafika kwao kabla hajashuka. Mama yake anampokea mlangoni na ukuti.

Hadithi yenu iko kwenye kuruka kwenyewe, nanyi mmeifungia ndani ya kisanduku cha maneno.

Kwa hivyo anzeni hapo. Kila anapotua juu ya paa, atue kwa kishindo au atue kimya, kulingana na alivyoruka. Akitua kwa kishindo, bibi wa nyumba ile anasikia. Kesho yake, kijana anapotumwa dukani, yule bibi anamuuliza nani alikuwa juu ya nyumba yake jana alasiri, na majibu anayopewa mchezaji yatokane na alichokifanya kweli. Aliyepita kimya anaweza kukana. Aliyevunja mtungi wa watu hana budi aombe radhi au adanganye, na akidanganya, uongo ule umngoje nyumba ya tatu.

Kisha pindueni upande wa pili. Wazee wamekaa barazani. Kijana akisimama, akatoa salamu akianza na aliye mkubwa, akauliza hali, akaambiwa "njema" mpaka zikaisha, mmoja wao amdokeze kwamba wikio la nyumba fulani, lile daraja linalounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, halikufungwa leo. Atavuka kichochoro kwa miguu yake, juu ya vichwa vya watu, bila kuruka. Aliyebonyeza salamu zikapita asinyimwe njia, ila azunguke kwa kule kwenye makuti mabovu yanayodidimia ukiyakanyaga. Wenzako wa baraza wataanza kusoma kwa tamaa. Mimi sina tatizo na tamaa.

Na barua ya kwenda Manda, ile ya mwisho: kwenye mazungumzo mmeandika tu "njoo jioni". Mwandike "njoo maji yakijaa". Maji yakijaa mashua zimeinuka karibu na ukingo wa ukuta, unaruka kutoka moja hadi nyingine. Yakipwa, mashua zimelala upande kwenye tope na njia ni nyingine kabisa. Mchezaji aliyesoma anajua aje saa ngapi. Asiyesoma atafika akute tope.

Kama mnadhani nawatungia ndoto, tafuteni Thomas Was Alone ya 2012, kazi ya Mike Bithell. Wahusika wake ni mistatili ya rangi. Hawana macho, hawana mdomo. Lakini kuna Chris, mfupi, anayeruka vibaya na kinyongo kimemjaa. Kuna John, mrefu, anayeruka juu na kujiona. Kuna Claire, mnene, anayeweza kuelea majini na kwa hilo anajiamini kuwa shujaa. Tabia ya kila mmoja unaijua kwa mruko wake, na msimulizi anazungumza huku wewe unaendelea kucheza. Hapo nawasisitizia: sikio linaweza kusikiliza wakati kidole kinaruka, lakini jicho haliwezi kusoma wakati huo huo. Msiweke maandishi yoyote kijana akiwa hewani. Kama kuna neno lazima lisemwe pale, lirikodiwe kwa sauti, na mkimpata bibi wa Kiamu hasa akaligomba lile la paa, mtakuwa mmenifurahisha.

Mfano wa pili ni Celeste ya 2018. Msichana Madeline anapanda mlima, na ana woga unaomkaba pumzi. Kuna mahali kibanda kinachoning'inia kwenye waya kinakwama hewani, kifua kinambana, na mwenzake Theo anamwambia awaze unyoya unaopanda na kushuka. Mchezaji mwenyewe ndiye anayeuinua unyoya ule na kuushusha kwa kibonye, pole pole, kwa mwendo wa pumzi. Maneno ya Theo na kidole chako vinafanya kazi moja. Mkipata hata mahali pamoja pa namna hiyo katika gemu yenu, mmefaulu.

Sasa dada yako, maana huyo ndiye aliyeonewa. Haanguki kwa sababu hajui. Anaanguka kwa sababu mnahesabu kwa ukali ambao jicho la binadamu halina. Mtu huona ukingo wa paa, kidole kinachelewa kidogo, na simu ya bei nafuu inachelewa zaidi. Wenye gemu hizi wana ujanja wao: mguu ukishaacha ukingo, kwa muda kama wa sehemu ya kumi ya sekunde kibonye cha kuruka bado kikubaliwe, kana kwamba mguu uko paani. Na mtu akibonyeza mapema kidogo kabla hajatua, gemu ikumbuke, aruke pale anapotua. Hakuna atakayegundua. Watasema tu kwamba gemu "inashikika". Celeste ina vyote viwili, na juu yake ina sehemu ya msaada ambapo mchezaji anapunguza kasi, anakwea bila kuchoka, au hadhuriki kabisa. Nanyi wekeni, na msiipachike jina la kumdhalilisha mtu. Nimeona gemu inayoiita njia rahisi kwa neno la kumcheka mchezaji. Nikaifuta.

La mwisho nalo dogo, lakini ndilo lililoniudhi kuliko yote: mahali pa kurudia baada ya kuanguka mmepaweka *kabla* ya mazungumzo. Nilipoanguka nikasomeshwa maneno yale yale ya mjomba wake kuhusu mahari, neno kwa neno, kila mara. Pawekeni baada. Mtu akishasikia habari ya mahari mara moja inatosha, hata katika maisha.

*Mwanangu, hawa vijana wa hapa Matondoni wanasema watamtia Fumo Liyongo ndani ya simu, awe anarukaruka kama kima. Huku si kumvunjia heshima?*
*Mzee wa Matondoni*

Shikamoo mzee. Akirukaruka tu, ndiyo, wamemvunjia heshima. Lakini tazama kisa chenyewe. Liyongo kafungwa, anasubiri kuuawa, na silaha aliyobaki nayo ni wimbo. Kwa wimbo anampelekea mama yake ujumbe kupitia kijakazi Saada: atie tupa ndani ya mkate wa wishwa. Askari wanakula mikate mizuri, wanamwachia ule wa wishwa kwa dharau. Kisha anawafundisha watu wimbo wa gungu, na matari na matoazi yakipigwa nje, hawasikii anavyokata pingu ndani.

Hiyo yote ni kazi ya maneno. Mchezaji achaguzwe mishororo ya kumwambia Saada, na askari wawe wanasikiliza. Akisema wazi mno wanaelewa, akificha mno Saada naye haelewi. Pingu zikikatika, hapo ndipo miguu ipate ruhusa ya kukimbia. Kuruka kunakotanguliwa na kifungo si kuruka kwa kima.

Muhammad Kijumwa wa hapa Lamu aliuandika utenzi wake mwaka 1913, na kabla yake kisa kilipita midomo mingi, kwa hiyo simu nayo ni mdomo mmoja tu. Watu wa Iñupiat wa Alaska walifanya hivyo mwaka 2014 na gemu iitwayo Never Alone: ni ya kuruka kwenye theluji, wazee wao walishirikishwa, na msimulizi anazungumza lugha yao. Na Tales of Kenzera: Zau ya 2024 imetengenezwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kufiwa na babake, kijana anarukaruka humo kwa ajili ya msiba, na unaweza kuisikiliza kwa Kiswahili. Waite hao vijana, mzee, uwasimulie kwa ukamilifu, kisha uwadai wakuonyeshe kabla hawajamwonyesha mtu. Na wakukirimu. Usiwafanyie bure.

*Dada yangu, mwanangu wa miaka 13 yuko na simu mpaka usiku wa manane. Nikimuuliza ananiambia "mama, nasoma riwaya". Ni kweli au ananichezea akili?*
*Mama wa Malindi*

Yawezekana ni kweli, na bado ukawa na haki ya kumnyang'anya simu ikifika saa nne. Riwaya hizi za picha zina maneno mengi, nyingine zinavishinda vitabu vya shule kwa urefu.

Lakini usitulizwe na picha. Wasichana wa kuchora wenye macho makubwa na sare za shule si dalili kwamba ni ya watoto. Doki Doki Literature Club ya 2017 inaonekana kama kikundi cha ushairi shuleni, na inapofunguka tu yenyewe inaonya kwamba haifai watoto wala watu wanaotikisika upesi. Si mzaha, ndani mna habari za kujiua. Angalia alama ya umri pale inapopakuliwa. Kisha kaa naye mwambie akusomee kwa sauti, akutafsirie, akuulize wewe ungejibu nini. Kama ni ya kheri utaipenda. Kama anaanza kuruka kurasa akikusomea, basi umeshajua.

*Khalati, laptopu yangu ni ya zamani, RAM ni GB 4. Nitumie programu gani? Sina pesa.*
*Msomaji, Langoni*

Ren'Py kama gemu yako ni maneno matupu. Ipo tangu 2004, ni bure, na inatoa gemu ya Android. Ukitaka kuruka, usiisumbue, haikuumbwa kwa hilo. Chukua Godot, nayo ni bure na hudaiwi kitu hata ukiuza gemu yako. Kisanduku cha mazungumzo utakitengeneza ndani yake mwenyewe, si kazi kubwa. Chora kwa vipande vidogo, kaa kwenye pande mbili (2D), usiguse mambo ya pande tatu (3D) na mashine hiyo. Angalia tu kwamba vifaa vya Godot vya kutolea gemu kwa simu vinapakuliwa peke yake, na ni vizito kuliko programu yenyewe. Usivipakue kwa data yako. Nenda mahali penye waifai, mapema, kabla watu hawajajaa.