Progesteroni ya siku ya 21, na mzunguko wa siku 35

Dadangu wa Shela, usilie bado. Umesema mzunguko wako ni wa siku 35, na progesteroni (homoni inayoonyesha kama yai limetoka) uliyopimwa siku ya 21 tangu hedhi ianze imetoka chini. Siku hiyo huenda yai ndiyo kwanza lilikuwa linatoka! Homoni hii hupanda baada ya yai kutoka, na kilele chake ni kama siku 7 kabla ya hedhi. Kwako ni karibu siku ya 28, rudia hapo.

Ukivuka na boti kuja Amu, nunua vijiti vya mkojo vya LH, homoni inayopanda kabla ya yai kutoka, uanze siku ya 16. Mstari wa kipimo ukikolea kama ule wa kulinganishia au kuuzidi, yai kwa kawaida hutoka ndani ya saa 24 hadi 36. Mstari hafifu usiuhesabu.