Maswali ya Wasomaji: Kampuni kubwa zinapata nini kwa kuunga mkono ndoa za jinsia moja?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Mnunuzi wetu wa Ulaya ametuletea fomu ya masharti ambayo, baada ya kurasa za joto la chumba cha baridi na usafi wa meza za kukatia, ina kifungu kinachokataza kumbagua mfanyakazi kwa mwelekeo wake wa kijinsia. Wenzangu wanasema tukisaini tumekubali ndoa za jinsia moja. Je, ni kweli? Na kampuni za nje zinazounga mkono ndoa hizo zinapata nini?
Msomaji, Igoma, Mwanza

JIBU: Nianze na hofu ya wenzako, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Kifungu hicho kinahusu kuajiri, kulipa, kupandisha cheo na kuachisha kazi. Ndoa hapa nchini inaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayoitambua kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na hakuna mnunuzi wa minofu awezaye kuibadili kwa fomu.

Swali la faida ndilo lenye mengi. Wengi hudhani kampuni za Marekani ziliingia katika suala hili kwa ajili ya matangazo, ilhali kilichozisukuma zaidi ni kero za ofisi ya mishahara. Sheria ya mwaka 1996 iliizuia serikali kuu kuitambua ndoa ya jinsia moja hata pale jimbo lilipoifungisha. Kwa hiyo mfanyakazi wa Massachusetts, ambako ndoa hizo zilianza mwaka 2004, alihesabiwa kuwa na ndoa kwenye kodi ya jimbo na kutokuwa nayo kwenye kodi ya taifa. Bima ya afya ambayo mwajiri alimlipia mwenzi wake ilitozwa kodi kama kipato, wakati mwenzake wa meza ya pili, mwenye mke, hakukatwa hata senti kwa bima ileile. Mhasibu alilazimika kutunza hesabu mbili za mtu mmoja, na baadhi ya kampuni zikawa zinamfidia mfanyakazi kodi hiyo. Wewe uliye karani utaielewa adha hiyo bila kuhubiriwa.

Ndiyo maana mwaka 2013, katika kesi ya Windsor iliyoipinga sheria hiyo ya 1996, waajiri na vyama vyao 278 waliipelekea Mahakama ya Juu ya Marekani maelezo ya maandishi ingawa hawakuwa wadaawa. Mwaka 2015, katika kesi ya Obergefell iliyohalalisha ndoa hizo nchi nzima kwa kura tano dhidi ya nne, walifika 379, wakilalamika kwamba tofauti za sheria kati ya jimbo na jimbo zinawakwamisha kuajiri watu hodari na kuwahamisha vituo.

Sisemi kwamba hakuna biashara ndani yake. Baadhi ya kampuni hupaka nembo zao rangi za upinde wa mvua, alama ya watetezi wa haki za wapenzi wa jinsia moja, kila Juni kwenye kurasa za Marekani na kuziacha zilivyo kwenye kurasa za Mashariki ya Kati, na mwaka 2024 Ford ilijitoa katika tathmini ya kila mwaka inayozipima kampuni kwa haki za wafanyakazi wenye mahusiano ya jinsia moja. Binafsi huipima kampuni kwa kanuni zake za bima na likizo, ambazo mfanyakazi anaweza kuzidai, kabla ya kutazama tangazo lake.

Kuhusu kusaini, meneja wako azingatie mambo mawili. Kanuni ya Adhabu yetu inaadhibu vikali mahusiano ya jinsia moja, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuutaja mwelekeo wa kijinsia miongoni mwa misingi ya ubaguzi inayoikataza; kiwanda kitakuwa kimeahidi zaidi ya kinachodaiwa na sheria. Kwa maoni yangu ahadi hiyo haimpunguzii mtu chochote, maana mkata minofu hupimwa kwa kisu chake na mizani. Hata hivyo, mwulizeni mnunuzi kwa maandishi wakaguzi wake watataka kuona nini, na msikubali kamwe utaratibu wowote utakaowalazimu kumhoji mfanyakazi maisha yake ya faragha au kuyaandika kwenye jalada lake, kwa sababu hapa kwetu karatasi hiyo inaweza kumfikisha mahakamani.